Karani wa Mfongo

Miaka kumi na tisa nimeandika zamu za maji
kwenye daftari la kaunta, kwa kalamu ya bluu:
Jumatatu kina Mmasy mpaka saa nne,
kisha kina Kimaro, kisha wajane wa bondeni,
kisha yeyote aliyekuja na jembe lake kuzibua mfongo.
Asiyezibua hamwagilii. Ndiyo sheria yetu,
nayo haina muhuri.

Mwaka wa mvua nyingi daftari lililowa.
Majina yakavuja, Mmasy akafungulia maji siku ya Kimaro,
panga zikainuka kati ya migomba.
Ndipo Aikande, binti wa duka la vipuri pale Mbuyuni,
akakaa siku kumi na moja na chai ya rangi
akaandika programu.
Tangu hapo simu zetu hulia gizani:
"Zamu yako saa kumi alfajiri. Njoo na jembe."
Nilimuuliza, humo ndani mna nini hasa?
Akasema, "Daftari lako, karani.
Nimelifundisha kuhesabu."

Barua ilitoka Arusha, karatasi nzito,
kutoka ghorofa lenye lifti karibu na Mnara wa Saa.
Kuna kampuni, ilisema, huko ng'ambo,
yenye hataza juu ya mbinu ya kugawa zamu
kwa njia ya ujumbe.
Tulipe, au tuzime. Siku thelathini.

Niliisoma kwa sauti kwenye ofisi ya kata.
Bibi Ndeanka, ambaye sikio lake moja limelala,
akashtuka: "Hatazaa? Nani hatazaa?"
Tukacheka mpaka benchi likalia.
Aikande peke yake hakucheka.

Akasimama Eliringia, fundi,
aliyebuni mashine ndogo ya kumenya kahawa,
mchoro ukaibwa, na leo anaikuta ikiuzwa Kiboriloni
kwa jina la mtu mwingine.
"Chekeni. Mimi ningekuwa na hataza,
wanangu wangemaliza shule.
Jasho lisilo na ua ni malisho ya mbuzi wa watu."
Hakuna aliyemjibu.
Vidole vyake viwili vilibaki kwenye mashine hiyo,
wote tunajua.

Mimi ni mtu wa masale. Baba aliyapanda mpakani,
na kazi yake naijua: hapa kwangu, pale kwako,
na ukinikosea, jani lilelile
utalifunga fundo uje nalo kuomba radhi.
Mashine ya Eliringia ina meno, ina mpini,
naweza kuizunguka nikaona inapoishia.
Lakini kujumlisha kunaishia wapi?
Sale la kwanza nilipande upande gani wa saba na nane?
Nani alikuwa wa kwanza kusema
"ukimaliza wewe, nafuata mimi"?
Waliouchimba mfongo huu, wakipasua mwamba kwa moto,
walidai maji ya kwanza, na tunawapa hadi leo.
Hawakudai mteremko.

Sikuyasema vizuri hivyo. Nilikohoa katikati,
na mtendaji akatazama saa.

Hatukupiga kura. Hatukuwa na hela ya wakili,
hata ya nauli ya kwenda kumtafuta.
Siku ya thelathini Aikande alizima,
akaniletea daftari jipya kutoka dukani kwa baba yake,
kurasa mia nne, bado lanuka gundi.
"Samahani, karani," akasema,
kana kwamba ni yeye aliyevunja kitu.

Usiku huo nilishika tochi.
Zamu ya saa kumi ilikuwa ya Eliringia.
Umande, mbwa, utelezi, goti langu la kushoto.
Chini ya migomba maji yalikuwa yakienda
bila kumuuliza mtu.
Nikafika mlangoni kwake, nikainua mkono,
ngo, ngo, ngo,
kisha nikasimama pale gizani nikijiuliza
kama na huo
ni ujumbe.